Msemaji wa Watu wa Saint-Vincent

Papa Donat hakuwahi kukanyaga Saint-Vincent, na mpaka mwezi wa sita mwaka huo hakujua hata kama kuna nchi ya jina hilo. Lakini Jumamosi moja ya Septemba alisimama katika sebule ya watu huko Evere, mtaa wa Brussels, koti lake jeusi limembana tumboni, akasafisha koo, akasema: "Sisi batu ya Saint-Vincent tunawasalimia." Hakuna aliyecheka. Kazi yake ndivyo ilivyo.

Nieleze kazi hiyo kwa wasioijua. Kwa Wakongo wengi wa Brussels, kijana anayekwenda kujulishwa ukweni hajisemei. Anakaa kimya, mikono juu ya magoti, mdomo umefungwa hata akitukanwa, na msemaji wake ndiye anayejibizana na msemaji wa upande wa msichana. Anaulizwa: nyinyi ni kina nani, kwenu ni wapi, nani anawatawala, mnaishi kwa kazi gani. Msemaji akijibu vizuri, msichana anaitwa kutoka chumbani. Akijibu vibaya, soda zinaletwa, watu wanazungumza habari za mvua, na kila mmoja anaanza kutafuta koti lake. Habari za mahari ni za siku nyingine; siku hii ni ya kujua tu kama mlango utafunguka.

Donat alikuwa fundi wa milango hiyo. Mzaliwa wa Lubumbashi, mtaa wa Kenya, alikuja Ubelgiji kijana kusomea umeme. Masomo yakamshinda, au yeye aliyashinda, inategemea anamsimulia nani. Akaishia kwenye kiwanda cha magari cha mtaa wa Forest, na kweli kazi yake ilikuwa kufunga milango: gari linapita mbele yake, anatundika mlango, anakaza, linakuja jingine. Mikono ikifanya kazi, mdomo ulikuwa huru, na mdomo wa Donat haukupoteza hata siku moja. Wenzake ndio waliomtuma mara ya kwanza kumsemea mmoja wao ukweni. Toka hapo akawa mtu wa kuazimwa. Amesema "sisi Baluba", amesema "sisi Bashi", na mwaka mmoja alisema "sisi watu wa Aalst" kwa ajili ya kijana wa Kifleming mwenye masikio mekundu, akamuoza vilevile.

Kisha kiwanda kikafungwa, Februari 2025, na mdomo wa Donat ukafungwa nacho. Sijui nieleze vipi. Mtu hakuugua, hakulewa, hakugombana na mtu. Alikaa tu dirishani kwake Forest akitazama wanaoingia na kutoka duka la mkate, na akiulizwa jambo alijibu "ndiyo" au "hapana" kama anayeogopa kuyamaliza maneno. Harusi mbili alizikataa. Mkewe, Marie-Jeanne, alilalamika kwa wenzake wa kwaya: "Niliolewa na redio, sasa niko na kabati. Miaka yote ninamuambia Donat nyamaza, na siku amenyamaza, ninaona nyumba iko baridi."

Aliyekuja kuipasha moto nyumba ile ni Précieuse, muuguzi, binti wa Maman Pétronille wa Evere. Marie-Jeanne na Pétronille huimba kwaya moja, kwa hiyo Donat alimjua Précieuse tangu akiwa na meno ya maziwa. Aliingia, akaketi bila kuvua koti.

"Tonton, niko na bwana. Anaitwa Alston. Anatengenezaka lifti."

"Ni mutu ya wapi?"

"Saint-Vincent. Ni kisiwa, kule Caraïbes. Hana muntu hapa, tonton, hata cousin. Na maman amesema hapana."

"Amemukatalia nini?"

"Amesema: muntu asiyekuwa na batu, siku atakukosea, nitaenda kugonga mulango ya nani?"

Swali lilikuwa zuri, na Donat anaheshimu swali zuri.

"Tonton Rigobert, ndugu ya marehemu papa, ameomba maman asikilize tu mara moja," Précieuse akaendelea. "Mara moja, tonton. Kama jibu ni hapana siku hiyo, basi. Mimi siwezi kuolewa wakati maman analia." Akatazama chini. "Na iko kitu ingine. Kule kwao iko volcan. Maman hajui."

Hapo hata Marie-Jeanne, aliyekuwa akikuna nazi, aliacha. Maana Maman Pétronille ni mtu wa Goma. Mwaka 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo uliposhuka mjini, alitoka nyumbani na mimba kubwa ya huyu huyu Précieuse, akatembea mpaka ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, Gisenyi, na aliporudi hapakuwa na nyumba, hapakuwa na hata barabara ya kuifikia nyumba, palikuwa na jiwe jeusi tu. Na Mei 2021 mlima ulipowaka tena, yeye alikuwa ameshafika Evere, lakini mdogo wake alikuwa bado Goma. Siku nzima Pétronille alipiga simu isiyoshika. Mdogo wake alipona. Pétronille, ukweli usemwe, hakupona kabisa. Mpaka leo hawezi kulala bila viatu karibu na kitanda, katika Evere, ambako kitu kirefu kuliko vyote ni jengo la ghorofa.

"Volcan tutaiacha," Donat akasema. Lilikuwa jibu lake refu kuliko yote tangu Februari. "Kisiwa ni kikubwa, nitaongea zingine."

Basi Alston akaanza kuja Forest baada ya kazi. Kijana mrefu, mpole, mwenye Kiingereza cha kuimba na Kifaransa cha kusukuma. Alileta picha za kwao kwenye simu, Donat akavaa miwani, na Marie-Jeanne akajifanya mkwe mwenye hasira ili kumpima mumewe.

"Nchi yenu inakaa vipi?"

"Kisiwa moja kubwa, Saint-Vincent. Kingstown, mji mukuu, iko kusini. Kutoka pale vinashuka visiwa vidogo vidogo, banaita Grenadines, vinafuatana mupaka karibu na Grenade. Kule ndiko batalii banafika na mashua yao nyeupe."

"Batu ngapi?"

"Cent mille, laki moja na kidogo."

"Cent mille? Donc ni Anderlecht yenye bahari!"

Alston alipotafsiriwa kwamba nchi yake yote ni sawa na mtaa mmoja wa Brussels, alicheka mpaka akafuta machozi, akasema ni kweli, na kama Anderlecht, kila mtu anamjua mama yako.

Kilichomfurahisha Donat zaidi ni serikali. Nchi ina mfalme, naye ni yule yule wa Uingereza, anakaa kwake London; kisiwani anawakilishwa na gavana mkuu, ambaye ni mwenyeji. Lakini kazi yenyewe iko mikononi mwa waziri mkuu na bunge, na bunge lenyewe ni nyumba moja tu. Donat aliuliza mara mbili kama kweli ni moja. Ameishi zaidi ya nusu ya maisha yake katika nchi yenye serikali nyingi mpaka huelewi ni ipi ya kuilaumu takataka zisipochukuliwa. Bunge moja, watu kama wa Anderlecht tu, bahari pande zote: alianza kuona kwamba kweli anatoka huko.

Alston mwenyewe alitaka jambo moja tu. "Kuhusu mlima," alisema kila siku kabla ya kuaga, "siyo vizuri kuficha." Na kila siku Donat alimpiga begani na kumwambia msemaji ni nani hapa.

Jumamosi ikafika. Sebule ya Maman Pétronille ilikuwa imejaa wajomba, shangazi na watu wa kwaya. Précieuse alifungiwa chumbani, kama inavyopaswa. Upande wa pili wa meza alikaa Rigobert, shemeji yake Pétronille, dereva wa basi, anayechukua nafasi ya marehemu kaka yake. Rigobert ni mtu wa haki, anauliza taratibu na anasubiri jibu mpaka lifike. Pétronille aliketi kando yake, mkoba mapajani, kama mtu aliye tayari kuondoka nyumbani kwake mwenyewe.

Donat alianza kwa kusalimu, kisha akakitandaza kisiwa chote mbele yao. Kaskazini akaruka, kusini akakaa sana. Rigobert akaridhika na kusini.

"Na mwami wenu ni nani?"

"Mwami wetu anakaa ng'ambo ya maji, Londres. Hatumuonaki."

Minong'ono ikazuka. Shangazi mmoja akauliza ni mwami gani asiyekaa na watu wake. Rigobert akainua mkono. "Muache, maman. Na sisi, wakati ya Babeleji, mwami wa zamani hatukumuonaka Goma. Alikuwa anakaa hapa hapa Bruxelles, hata leo tram inapita mbele ya nyumba yake." Watu wakacheka, na Donat akavuta pumzi. Tayari alikuwa nusu ndani ya mlango.

"Bon. Munaishi na nini?"

Hapo Donat alijua majibu mengi: uvuvi, watalii, uwanga, ule unga wa mizizi, vijana wanaofanya kazi kwenye meli za watu. Aliyasema yote. Kisha akafika kwenye ndizi. Akaeleza jinsi zamani kila familia ya kijijini ilivyokuwa na shamba la ndizi za kupeleka Uingereza, na siku meli inapopakia kisiwa kizima kilikuwa kazini. Halafu wakubwa wa biashara ya dunia wakagombana juu ya nani auze ndizi Ulaya kwa masharti gani, wakaamua mbali kabisa na migomba yenyewe, na watu wakaamka asubuhi wakaambiwa ndizi zao ni nzuri lakini hazihitajiki tena hivyo.

"Hakuna mutu alikosea kazi yake," Donat akasema, na sauti yake ikabadilika, maana hapo hakuwa tena kisiwani, alikuwa Forest. "Unafanya kazi muzuri, kila siku, unafika na saa. Na siku moja banakuja na bakoti bazuri, banakuambia asante. Unarudi kwako, unakaa dirishani. Haujue mikono uweke wapi." Marie-Jeanne alimtazama mumewe na kuuma mdomo. Tangu Februari hakuwa amemwambia haya, na sasa anayasema mbele ya watu, kwa jina la Saint-Vincent.

Pétronille mwenyewe aliweka mkoba sakafuni. Lilikuwa jambo dogo, lakini Donat aliliona, na furaha ikampanda kichwani. Akaongeza maneno pale alipopaswa kuketi. Nyinyi mnaojua kusema mtamwelewa: hakuna hatari kama watu wanaposikiliza vizuri.

"Mais sisi hatukukufa njaa!" akasema. "Ile udongo yetu, batu bangu, ni baraka. Udongo nyeusi! Unatupa kitu, inaota bila mbolea. Hata ufuko wa bahari, muchanga ni nyeusi, inang'aa."

Mtu wa Lubumbashi, aliyekulia kwenye udongo mwekundu wa shaba, anaweza kusema maneno hayo na kujisikia mshairi. Hakuna mtu wa Goma, anayejua kwamba udongo wa namna hiyo hutoka kwenye volkano, anayeweza kuyasikia akabaki amekaa. Sebule nzima iliinua vichwa kwa pamoja. Rigobert alifumba macho. Maman Pétronille alisimama.

"Papa Donat. Mulima iko wapi?"

Mlango wa chumbani ulitoa mlio mdogo, kama mtu ameuegemea. Donat angeweza kusema hakuna mlima. Kijana hakuelewa Kiswahili, Marie-Jeanne asingemsaliti, na uongo huo ungeweza kuishi mpaka harusi. Lakini alimtazama mama yule, aliyesimama na mikono mitupu, na aibu ikamshika.

"Kaskazini, maman," akasema. "Ni volcan. Na iliwaka 2021, mwezi moja tu mbele ya yenu. Ni mimi nilificha. Huyu kijana alitaka niseme toka siku ya kwanza."

Kelele zilianza. Shangazi alisema ni dharau, mwingine alisema ndiyo maana hana watu. Pétronille hakupiga kelele. Alikuwa na swali moja, na alilisema polepole, akiwa ametazama si Donat bali Alston.

"Ile siku, nani aliwaambia?"

Donat hakulijua jibu. Katika yote aliyoyasoma, bunge na gavana na ndizi, hilo hakuwahi kuuliza. Akafanya kitu ambacho msemaji hafanyi. Alimgeukia kijana, akamtafsiria swali, akamwambia kwa Kifaransa: "Simama. Jibu mwenyewe." Kisha akaketi.

Alston alisimama. Kifaransa chake kilikwenda kwa kuchechemea, na hakuna aliyemkimbiza.

"Waziri mkuu," akasema. "Ilikuwa Alhamisi. Mlima ulikuwa unatoa moshi tangu Desemba, watu wa vipimo walikuwa wanautazama. Alhamisi alisema redioni: watu wa kaskazini, tokeni, tokeni leo. Mabasi yakaja. Boti zikaja. Sisi ni watu wa kaskazini, tukatoka. Ijumaa asubuhi ukapasuka."

"Ijumaa," Pétronille akasema. "Banawaambia Alhamisi."

"Ndiyo, madame."

"Na batu?"

"Mlima haukuua mtu. Paa la mama lilianguka kwa uzito wa majivu. Mashamba yalikufa. Watu, hapana."

Pétronille aligeuka kumtazama Rigobert, kama anayetaka mtu mwingine ashuhudie. "Rigo. Banawaambia mbele!"

"Nimesikia, shemeji."

"Serikali. Ilisema, na batu bakatoka. Mbele moto ifike!"

Aliketi na kuanza kueleza, si kwa mtu yeyote. Maharagwe yalikuwa jikoni siku ile ya 2002. Hakuna aliyewaambia kitu. Waliona tu majirani wanakimbia. Alitoka na mtoto tumboni na kitenge kimoja, na sufuria akaiacha ikichemka. Mambo mengi yaliungua, alisema, vitanda, picha za harusi, lakini yeye anapokumbuka, anakumbuka maharagwe. Kwamba hakuwahi hata kuzima moto wake mwenyewe.

Précieuse, huko chumbani, alikuwa hajawahi kusikia habari za maharagwe. Hata Rigobert hakuwahi.

Donat alimnong'onezea Alston yote, neno kwa neno, bila kuongeza kitu.

"Mama yangu alizima moto," kijana akasema. "Alifunga mlango, akachukua ufunguo. Tulimwambia basi linasubiri, akarudi tena ndani kuchukua sufuria kubwa. Alisema yeye hapikii watu kwenye sufuria za shule." Akaona hawajaelewa. "Tulilala shuleni, kusini. Wengi. Alitupikia wote."

"Sufuria iko wapi sasa?" Pétronille akauliza.

"Anaipikia mpaka leo."

"Muite."

Kwa mila, hili halipo. Wazazi wa kijana hawaitwi kwa simu katikati ya maswali ili waonyeshe vyombo vya jikoni. Lakini Rigobert aliitikia kwa kichwa, na kule kisiwani ilikuwa bado asubuhi. Mama yake Alston alitokea kwenye simu akiwa amefunga kitambaa kichwani, nyuma yake dirisha na jani kubwa la mgomba. Mwanawe akamweleza kwa Kiingereza chao cha haraka. Mama akauliza jambo. Alston akarudia. Mama akaondoka, vikasikika vyuma vikigongana, akarudi ameikumbatia.

Ilikuwa sufuria ya kawaida, kubwa, ya alumini, mkono mmoja umefungwa kwa waya. Pétronille aliishika simu kwa mikono miwili.

"Muambie aigeuze."

Ikageuzwa. Chini ilikuwa nyeusi kwa moto wa miaka. Pétronille aliitazama kwa muda mrefu, huku mama wa ng'ambo amesimama ameiinua, hajui anapimwa nini, ila hakuishusha. Hao wawili hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Pétronille akaanza kulia, kisha akaanza kucheka, na mama wa kule naye akacheka kwa kuona mwenzake anacheka.

"Iko na batu," Pétronille akasema, akimrudishia Alston simu yake. "Huyu mutoto iko na maman. Siku atanikosea nitamuita yule." Akajifuta uso kwa kiganja. "Bon. Rigo, Précieuse atoke."

Rigobert hakupata nafasi hata ya kurudia amri. Mlango ulifunguka mara moja, na Précieuse akatoka na sikio moja lenye alama ya kubanwa kwenye ubao. Shangazi wale wale waliosema ni dharau wakapiga vigelegele vya kupasua vioo.

Donat alikuwa ameketi, amelowa jasho, koti limefunguka, na mzigo umemtoka kifuani mpaka akajisikia mwepesi. Kwanza alitaka kunyamaza, hakika alitaka. Kisha akamgeukia Rigobert. "Unaona, papa Rigo, kule kwetu bunge ni moja tu. Nyumba moja! Na ile uwanga, sikukueleza muzuri, ile uwanga yetu..." Na akaendelea, huku bibi harusi anapita mbele yake, huku soda zinafunguliwa, mikono yake hewani ikionyesha jinsi Grenadines zinavyoshuka kusini.

"Donat, nyamaza!" Marie-Jeanne akamwambia, na alilisema kwa furaha kubwa, kama mtu aliyekuwa akilitafuta neno hilo tangu Februari.